Kanzu Nyeupe, Uso Gizani: Funzo la Kamera Kuukuu Kutoka Katesh Hadi Mbulu

Usiku wa nikah ile ulikuwa wa baridi, kama zilivyo nyusiku nyingi za Katesh katika miezi ya Juni na Julai, upepo unaposhuka kutoka Mlima Hanang na kupenya hata koti zito. Swala ya Isha ilikwisha kuswaliwa, mashekhe wakaketi juu ya jamvi, mahari ikatajwa, ijabu na kabuli zikasikika mbele ya mashahidi, dua ikaombwa. Kisha bwana harusi akainuka na kuelekea chumba cha akina mama kumpa mkono Bibi, mkubwa wa ukoo, ambaye miguu yake haikuwa tena na nguvu za kumtoa chumbani. Alipiga magoti kando yake, naye Bibi akamwekea kiganja kichwani na kumwombea. Sisi tuliokuwa na kamera tukabonyeza kitufe mara moja, tukaona haya kuwasumbua zaidi, tukatoka.

Taa iliyokuwamo chumbani ilikuwa moja tu, balbu ndogo ya umeme wa jua iliyoning'inia karibu na mlango. Kamera yetu ilikuwa ile ndogo ya mfukoni, iliyonunuliwa mtumba miaka mingi iliyopita. Tulipoitazama picha katika kioo chake, kidogo kama kisanduku cha kiberiti, tuliona kanzu, tukaona kilemba, tukaona umbo la Bibi ndani ya buibui lake. Tukaridhika, tukaendelea na pilau.

Miezi mitatu baadaye Bibi alirejea kwa Mola wake, Mwenyezi Mungu amrehemu na alitie nuru kaburi lake. Baada ya siku za msiba, wajukuu walioko mbali wakaomba picha yake. Hapo ndipo tulipoifungua ile ya usiku wa nikah katika kompyuta, na hapo ndipo tulipojua kwamba tulichokuwa nacho ni picha ya kanzu. Kanzu yenyewe ilikuwa ya kijivu kama majivu ya jikoni. Uso wa Bibi ulikuwa doa jeusi, na ndani ya doa hilo zilitapakaa chembechembe nyekundu, za kijani na za buluu, mfano wa pilipili iliyomwagwa juu ya kitambaa. Tulipojaribu kuung'arisha uso kwa programu ya kompyuta, chembe ziling'aa pamoja nao. Macho yake hayakuonekana.

Tunayaandika haya katika ukurasa wa familia kwa sababu tunaamini kosa letu si letu peke yetu. Nyumba nyingi za Kiislamu, hapa Manyara na kwingineko, zina kamera kuukuu iliyonunuliwa mtumba au iliyoletwa na ndugu kutoka Arusha, Dar es Salaam au Dubai. Na shughuli zetu nyingi zina desturi ya kufanyika penye mwanga haba: nikah baada ya Isha, futari baada ya jua kuzama, maulidi ya usiku, khitma ndani ya chumba chenye dirisha moja. Anayeelewa kwa nini kamera hushindwa gizani hatapoteza uso wa mzee wake kama sisi tulivyoupoteza.

Ndoo zilizotegwa mvuani

Tuanze na chembechembe. Ndani ya kamera ya kidijitali, mahali palipokuwa na filamu zamani, mna kipande cha silikoni kiitwacho kihisi. Juu yake mmepangwa mamilioni ya vishimo vya kupokea mwanga, na kila kimoja huzaa nukta moja ya picha, yaani pikseli. Msomaji afikirie ua wa nyumba uliopangwa ndoo mistari kwa mistari mvua inapokaribia. Mvua ikiwa kubwa, kila ndoo hujaa karibu sawa na mwenzake, na ua mzima huonekana umepata mvua moja. Yakiwa manyunyu ya dakika moja, ndoo hii itapata matone 7, ya pili 13, ya tatu 9, ingawa zimekaa bega kwa bega. Mvua ni ileile. Tofauti imeletwa na uchache wa matone.

Mwanga nao hudondoka kwa matone, na wanafizikia huyaita fotoni. Kanuni yake inajulikana: kishimo kinachotarajia kupokea fotoni 10,000 hubadilika kwa kiasi cha 100 hivi, nayo ni asilimia 1, kitu ambacho jicho halikioni. Kishimo kinachotarajia fotoni 100 hubadilika kwa kiasi cha 10, nayo ni asilimia 10, na hapo jicho huona wazi kwamba ukuta mmoja wa rangi moja umejaa madoadoa. Hiyo ndiyo asili kubwa ya chembechembe. Juu yake huongezeka kelele ya saketi za kamera zenyewe wakati wa kusoma kiasi kilichopokelewa, na ile inayoletwa na joto la kihisi pale kamera inapoachwa ikipokea mwanga kwa sekunde nyingi. Baridi ya Mbulu humsaidia mpiga picha kwa hilo la mwisho tu. Manyunyu ya mwanga hayaponywi na baridi.

Wengi hudhani kwamba kupandisha namba ya ISO kutoka 200 hadi 1600 ni kukiongezea kihisi uwezo wa kuona. Sivyo. Ndoo ni zilezile na matone ni yaleyale. Kinachofanyika ni kukuza hesabu baada ya kupokelewa, kama mtu anayekuza sauti ya redio iliyo mbali na mtambo. Sauti ya msomaji huongezeka, na mkwaruzo huongezeka nao. Hata hivyo ISO kubwa si adui wa kuogopwa. Picha yenye chembe lakini iliyopata mwanga wake kamili ni bora kuliko picha iliyopigwa gizani kwa ISO ndogo kisha ikang'arishwa baadaye, hasa kwa kamera za zamani ambazo saketi zake zina kelele nyingi.

Ukubwa wa kihisi nao una neno. Kamera nyingi za mfukoni za miaka ya 2000 zilikuwa na kihisi cha takriban milimita 6 kwa 4, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kamera kubwa za kubadilisha lenzi za miaka hiyohiyo, kama Nikon D70 ya mwaka 2004 yenye pikseli milioni 6, zilikuwa na kihisi cha takriban milimita 24 kwa 16. Eneo lake ni zaidi ya mara 14 ya lile la mfukoni. Ua mkubwa hupokea mvua nyingi. Kwa hiyo asidanganyike anayeuziwa kamera ndogo kwa kuambiwa kwamba ina pikseli nyingi kuliko ile kubwa. Kuongeza idadi ya ndoo katika ua uleule ni kuzifanya ndoo ziwe ndogo.

Kipimamwanga hakiijui kanzu

Chembechembe peke yake hazikutosha kumpoteza Bibi. Kosa la pili lilikuwa la kipimamwanga, na ndilo kubwa zaidi.

Kila kamera ina kifaa kinachopima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu kinachopigwa picha, kisha kuamua shata ifunguke kwa muda gani. Lakini kifaa hicho hakijui kinatazama nini. Hakijui kama mbele yake pana kanzu nyeupe penye taa hafifu, au shuka la kijivu penye taa kali. Watengenezaji wakakipa dhana moja ya kuanzia: kwamba ulimwengu, ukichanganywa wote pamoja, ni wa kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Katika shamba la ngano la Basotu au kando ya Ziwa Balangida dhana hiyo hufanya kazi vizuri. Katika harusi ya Kiislamu huanguka kifudifudi.

Kitambaa cha kanzu safi huweza kurudisha zaidi ya asilimia 70 ya mwanga. Ikijaa mbele ya lenzi, kamera hudhani kwamba chumba kina mwanga mwingi, ikaupunguza mpaka kanzu iwe kijivu, karibu mara nne pungufu ya ilivyostahili. Na uso mweusi ulio kando ya kanzu, ambao tangu mwanzo hurudisha mwanga kidogo kuliko kitambaa, huzama gizani. Buibui hufanya kinyume chake. Likijaa mbele ya lenzi, kamera hudhani chumba ni giza, ikaongeza mwanga mpaka nguo nyeusi iwe kijivu na uso uliomo ndani yake uungue kwa weupe. Ndiyo maana katika albamu zetu nyingi bwana harusi ana giza na bibi harusi amepauka, na watu wakasema mpiga picha ana upendeleo. Hana; amekiamini kifaa kisichojua mavazi yetu.

Hata zama za filamu hazikuwa na wema mwingi kwetu. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafishia picha zilizotumia bidhaa za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, na kwa miaka mingi sura hiyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha ngozi iliyotoka vizuri. Aliye mweusi alilazimika kujitafutia mwanga wake. Bado analazimika, ila leo ana vitufe vya kumsaidia.

Chumba cha giza cha Ibn al-Haytham

Si vibaya kukumbuka hapa kwamba elimu hii haikutujia kama mgeni kabisa. Abu Ali al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965 na kufariki Cairo mnamo mwaka 1040, aliandika kitabu kikubwa cha elimu ya mwanga, Kitab al-Manazir, chenye sehemu saba. Alithibitisha kwa majaribio kwamba jicho halitoi miale kwenda kukipapasa kitu, kama walivyofundisha baadhi ya Wayunani, bali mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Alifanya majaribio yake kwa chumba cha giza chenye tundu dogo, akaandika risala maalumu juu ya umbo la jua lililopatwa linavyoonekana likipita tunduni.

Wapo wanaosema kwamba neno kamera limetokana na Kiarabu. Ukweli ni kwamba limetoka katika Kilatini, maana yake chumba. Lakini wazo la chumba cha giza kuwa maabara ya mwanga, huyo mwanachuoni wetu alilitumikia vilivyo. Na funzo lake kuu linatufaa hata leo: usiamini unachodhani, kipime. Kwa hiyo nasi tuliamua kupima.

Kamera tatu, chumba kimoja

Tuliazima kamera mbili kuukuu kwa jamaa: Nikon D70 tuliyokwisha kuitaja, na Canon EOS 350D ya mwaka 2005, yenye pikseli milioni 8. Tukaweka kando yake ile ndogo ya mfukoni iliyotuangusha. Tulitumia chumba kilekile alichoketi Bibi, balbu ileile, saa ileile baada ya Isha. Kijana wa nyumba alivaa kanzu na kuketi mahali alipopiga magoti bwana harusi. Upande wa pili tulitundika buibui.

Kwanza tuliziachia kamera zote ziamue zenyewe kwa njia ya kupima picha nzima. D70 hupima kwa kihisi chenye nukta 1,005 zinazotambua hata rangi, ilhali 350D huigawa picha katika maeneo 35. Kwa hesabu mtu angetarajia ya kwanza isidanganyike. Lakini kanzu ilipochukua nusu ya picha, zote tatu zilidanganyika, kila moja kwa kiasi chake, na uso wa kijana ukawa na giza. Wingi wa nukta za kupimia haukuzidi nguvu ya kitambaa cheupe.

Pili tulibadili njia ya kupima. D70 ina kipimo cha nukta moja, kinachotazama takriban asilimia 1 tu ya picha. Tulikielekeza shavuni mwa kijana, tukakizuia kipimo hicho kwa kitufe chake maalumu, tukaipanga upya picha, tukabonyeza. Uso ukatoka, alhamdulillah, na kanzu ikang'aa kama kanzu. 350D haina kipimo cha nukta. Ina kile cha sehemu ya kati, kinachotazama takriban asilimia 9. Hicho nacho hufaa, lakini yafaa usogee karibu uso uijaze sehemu hiyo, uzuie kipimo kwa kitufe chenye alama ya nyota, kisha urudi nyuma. Ile ya mfukoni haikuwa na vyote hivyo, bali ilikuwa na kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga. Tulipoongeza hatua moja, kisha moja na nusu, nayo ikauona uso. Kitufe hicho kilikuwamo usiku wa nikah. Hatukukigusa.

Tatu tulitazama chembechembe. Kwa ISO 400 kamera mbili kubwa zilikuwa safi, na ile ndogo ilikuwa imekwisha kuchafuka. Kwa ISO 1600, mwisho wa uwezo wa zote mbili kubwa, zilionyesha chembe waziwazi. Za 350D, ambayo kihisi chake ni cha aina ya CMOS, zilikuwa laini kidogo. Za D70, yenye kihisi cha aina ya CCD, zilikuwa kali zaidi ingawa zilifanana na mchanga wa filamu za zamani, na si kila jicho litazichukia. Ile ndogo ilijaribu kuzifuta chembe zenyewe, ikafuta pamoja nazo makunyanzi, nyusi na nyuzi za kofia, uso ukawa kama umepakwa nta. Hapo tulielewa kwamba kamera inayosafisha kupita kiasi nayo hupoteza. Kwa uso wa mzee, tunaona heri chembe zibaki kuliko makunyanzi yaondoke.

Lililotushangaza zaidi ni lenzi. Kamera kubwa nyingi za mitumba huuzwa na lenzi ya kawaida ambayo, ikivutwa hadi mwisho, hufunguka kwa f/5.6 tu. Tulipoiweka lenzi rahisi ya milimita 50 yenye f/1.8, mwanga ulioingia ulikuwa karibu mara 10. Pale ambapo lenzi ya kwanza ilitaka shata ikae wazi kwa sehemu moja ya sita ya sekunde, muda ambao hakuna mzee wala mtoto atatulia, ya pili ilitosheka na sehemu moja ya sitini. Mwenye fedha chache za kutengeneza kamera kuukuu asifikirie kununua kamera nyingine kwanza. Atafute lenzi hiyo.

Safari ya kwenda kwa Bibi Mdogo

Jaribio lisilo na mtu wa kulinufaisha ni mchezo. Bibi aliacha mdogo wake, nasi humwita Bibi Mdogo, ambaye asili yao ni Kondoa na aliolewa Mbulu zamani. Ana miaka zaidi ya 80, na katika ukoo mzima hapakuwa na picha yake hata moja inayoonyesha sura. Tulitoka Katesh alfajiri, tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Dareda na Dongobesh, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya mahindi na maharage, tukafika Mbulu kabla ya Adhuhuri.

Nyumba yake ina kuta nene na dirisha moja upande wa mashariki, kama zilivyo nyumba nyingi za nyanda hizi zilizojengwa kuukimbia upepo. Ndani ni giza hata mchana. Tulimwamkia, shikamoo Bibi, akatuitikia marahaba, akauliza habari za Katesh na za kaburi la dada yake. Tulipomweleza tulichokijia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

“Mtaitundika ukutani?”

Tulimjibu kwamba hapana, ni ya kuwekwa katika albamu ya ukoo, wajukuu wamjue.

“Basi sawa, wajukuu zangu. Lakini mnisubiri nibadili mtandio.”

Hatukutumia flashi, kwa kuwa macho yake yana mtoto wa jicho na mwanga wa ghafla humuumiza. Tulimwomba aketi kando ya dirisha, ubavu ukielekea kwenye mwanga. Upande mmoja wa uso ukang'aa kwa upole, wa pili ukabaki gizani. Tulitazamana. Ndipo kijana tuliyefuatana naye alipoivua kanzu yake iliyovaliwa juu ya shati na suruali, akaishika kwa mikono miwili, wazi kama shuka la kuanika, upande wa giza wa Bibi. Mwanga wa dirisha ukaipiga kanzu, ukarudi shavuni kwake. Kitambaa kilekile kilichotunyima uso wa dada yake usiku wa nikah ndicho kilichotupa uso wake.

Tulipima kwa nukta moja shavuni, ISO 400, tukaegemeza viwiko mezani kamera isitetemeke. Tulipiga picha sita. Katika ya nne alikuwa ameanza kutabasamu kwa sababu kijana mikono ilimchoka na kanzu ikaanza kushuka.

Adabu ya picha

Wanavyuoni wetu wamekhitalifiana juu ya picha, wapo wanaoruhusu kwa haja na wapo wanaojizuia, na ukurasa huu si mahali pa kuhukumu baina yao. Kila familia na imfuate yule inayemwamini katika dini yake. Lakini kwa wanaopiga picha, ipo adabu ambayo hapana anayeikataa. Mtu aombwe ruhusa kabla, hasa mzee ambaye hawezi kuinuka na kuondoka. Picha za akina mama zilizopigwa katika chumba chao zibaki kwao, wala zisirushwe katika makundi ya simu. Swala isiingiliwe kwa flashi wala kwa mlio wa shata. Anayekataa aachwe kwa heshima.

Tuongeze na la mwezi mwandamo. Kila mwisho wa Shaabani na wa Ramadhani huzunguka picha za machweo zenye kijistari au nukta nyeupe, na watu wakaapa kwamba ni hilali. Kwa tulivyoeleza, kamera kuukuu iliyopandishwa ISO jioni huzaa nukta zake yenyewe, na pikseli iliyoharibika hung'aa mahali palepale katika kila picha. Mwenye picha ya namna hiyo aipeleke kwa masheikh wake, pamoja na kueleza alichokiona kwa macho yake. Asiitangulize kwa watu wengine.

Kuhifadhi kilichopatikana

Watu wa Hanang hawahitaji kuhadithiwa juu ya kupoteza. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka mlimani vikaipitia Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki, Mwenyezi Mungu awarehemu, na nyumba nyingi zikaondoka na vyote vilivyokuwamo. Roho ndizo zinazohesabiwa kwanza, na ndivyo inavyopasa. Lakini msiba ulipotulia, katika yale ambayo tope haliwezi kulipa ni picha: albamu haina duka la kununua nyingine.

Kwa hiyo tunawausia wasomaji mambo machache. Picha za kadi ya kumbukumbu zihamishwe mapema, kwani kadi kuukuu hufa bila kuaga. Nakala zikae katika nyumba mbili zilizo mbali, moja Katesh na nyingine Mbulu, au kwa ndugu wa Arusha. Kamera ikiwa na uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, itumike kwa picha za wazee, maana faili hiyo huhifadhi alichokipokea kihisi kabla kamera haijakisafisha, na programu za leo huzipunguza chembe kwa ustadi ambao kamera za mwaka 2004 hazikuwa nao. Na picha moja iliyo bora ichapishwe kwenye karatasi.

Tulijaribu programu hizo hata kwa ile picha ya usiku wa nikah. Chembe zilipungua, kijivu cha kanzu kikawa cheupe, kiganja cha Bibi juu ya kichwa cha kijana kikaonekana vizuri, hata pete yake. Uso haukurudi. Mwanga ambao haukuingia ndani ya kamera usiku ule, hakuna programu itakayoujua.

Picha ya nne ya Bibi Mdogo tuliichapisha Babati tukampelekea. Aliisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akaipapasa kwa kidole gumba. Kisha akasema kwamba huyu si yeye, huyu ni dada yake. Tukaiacha mkononi mwake.